Macho 6/6, lakini nasahihisha makosa ambayo hayapo

MsomaPrufu

Wakuu habari zenu. Naomba msaada, maana nimechoka kuambiwa ni mzima.

Kazi yangu ni kusoma prufu, yaani kusahihisha kurasa kabla hazijachapishwa. Nashinda na karatasi na kalamu nyekundu kutoka asubuhi hadi jioni. Asubuhi sina tatizo. Nikifika ukurasa wa ishirini hivi, maneno yanaanza kuachana na vivuli vyake. Si kwamba herufi zinafifia, la, zinabaki kali kabisa, ila kila neno linazaa pacha wake kwa pembeni na wawili hao wanapandana. Wiki iliyopita nimekata silabi kwenye neno "wanaona" nikidhani mpangaji wa herufi kaandika "wananaona". Ukurasa ukarudishwa mezani kwangu na alama kubwa ya kuuliza. Neno lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Umri wangu ni miaka 34. Nimepimwa mara mbili mwaka huu, sehemu mbili tofauti. Jicho la kulia 6/6, la kushoto 6/6, yaani yote yanaona mbali kama kawaida. Wa kwanza kanambia nipumzike. Wa pili kaniuzia miwani ya kuzuia mwanga wa kompyuta, na mimi kompyuta siigusi sana. Haikusaidia kitu.

Jambo jingine, sijui kama linahusu: mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyeniambia kwamba mchana nikisoma huwa naegemeza shavu kwenye kiganja, na vidole vinafunika jicho la kushoto. Mimi nilikuwa sijui kabisa kama nafanya hivyo.

Je, haya ni macho, ni uchovu, au nimeanza kuchanganyikiwa?

Fundi_Saa

Mkuu ni simu hiyo. Acha kuishika usiku, wiki moja tu utaniambia.

MsomaPrufu

@Fundi_Saa karatasi hazina skrini mkuu.

Kijiko_Cheusi

Nilikuwa napita tu, lakini hicho kiganja kwenye shavu kimenirudisha. Mimi ni mpima macho, na jina langu humu linatokana na kile kijiko cheusi tunachofunikia jicho la mgonjwa. Kiganja chako kinafanya kazi ya kijiko changu bila kukuomba ruhusa: kinazima jicho moja ili ubongo ubaki na picha moja. Mtu anayesoma huku kafunika jicho hajachanganyikiwa. Amejitibu kienyeji.

Hiyo 6/6 yako ni ya kweli na wala hawakukosea kuiandika. Tatizo ni kwamba inapimwa jicho moja moja, kwa ubao ulio mbali. Ng'ombe wawili wa kulima, ukiwakagua mmoja mmoja zizini, wote wazima. Kama wanavuta pamoja hutajua mpaka uwafunge nira na kuwaingiza shambani. Shamba lako ni karatasi iliyo sentimita 40 kutoka usoni, na hakuna aliyekukagua hapo macho yote mawili yakiwa wazi.

Kabla sijasema zaidi nijibu haya, na usibahatishe.

Maneno yakishaanza kuzaa mapacha, funika jicho la kulia. Pacha anaondoka? Fungua, funika la kushoto. Anaondoka pia? Kama akifunikwa mmoja pacha bado yupo, basi kasoro iko ndani ya jicho lile lililo wazi, kwenye kioo chake cha mbele au kwenye lenzi, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Kama kila ukifunika moja, lolote lile, pacha anatoweka, basi macho hayakubaliani.

Pacha anakaa kando kwa kando au mmoja juu mmoja chini? Ukitazama mbali, mfano mlango wa upande wa pili wa chumba, yupo? Ukitupa macho kulia kabisa au kushoto kabisa bila kugeuza kichwa, anazidi? Yameanza polepole au uliamka siku moja ukayakuta? Na je, umegonga kichwa miezi ya karibuni, hata kidogo?

Halafu chukua penseli yenye maandishi madogo ubavuni. Ishike mbele ya pua urefu wa mkono, tazama herufi moja, ivute taratibu kuelekea puani. Pale herufi inapokuwa mbili, simama, na mtu mwingine apime kwa rula kutoka hapo hadi kwenye mzizi wa pua, kati ya macho. Rudia mara tano mfululizo bila kupumzika. Nataka namba zote tano. Namba moja haitoshi.

Onyo moja kabla hujaendelea: kama kope la juu limeshuka, kama mboni moja imekuwa kubwa kuliko mwenzake, au kama kuona viwili kumekuja ghafla pamoja na kichwa kuuma vibaya, achana na penseli na uende hospitali leo hii. Mboni iliyopanuka pamoja na kope lililoanguka inaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba unaobana neva ya tatu, ile inayoendesha kope na mboni, ndani ya kichwa. Hilo halisubiri kesho.

Jioni_Nzito

Naomba nidakie hapo kwenye kope, maana mimi ni mhanga wa penseli.

Nilikuwa naona viwili jioni tu, asubuhi mzima, nikaambiwa misuli ya macho ni mizembe, nifanye mazoezi ya kuvuta penseli puani kila siku. Nilifanya miezi miwili kwa bidii zote. Kadiri nilivyofanya ndivyo jioni ilivyozidi kuwa mbaya, na siku nyingine vitu vilikaa kando kwa kando, siku nyingine juu na chini. Dada yangu ndiye aliyeona kwenye picha kwamba kope la kushoto limefunika nusu ya mboni.

Daktari niliyeenda baadaye aliniambia nitazame juu kwenye dari bila kushusha macho. Dakika haikuisha vizuri, kope likaanza kuteremka lenyewe kama pazia. Akaniwekea barafu juu ya kope lililofungwa kwa dakika mbili, alipoiondoa kope likawa limepanda. Kumbe ni miastenia, ujumbe wa neva haufiki vizuri kwenye msuli, na msuli ukitumika sana unachoka zaidi. Yaani mazoezi yale nilikuwa najimaliza. Kipimo changu cha damu hakikuonyesha kitu mara ya kwanza, na nimeambiwa hilo ni la kawaida ugonjwa ukiwa machoni peke yake. Nilipigwa pia picha ya kifua kuangalia tezi ya thimasi, iliyo kifuani, maana huhusiana na ugonjwa huu. Sasa niko kwenye dawa na nasoma.

Simtishi mtu. Nasema tu "asubuhi sawa, jioni mbaya" ina zaidi ya baba mmoja.

Kijiko_Cheusi

@Jioni_Nzito asante sana kwa hilo. Ndiyo maana namtaka mwenzetu namba zote tano, na ndiyo maana namuuliza kama pacha anabadilisha upande. Anayebadilika leo kando kesho juu, huyo hapewi penseli.

MsomaPrufu

Nimerudi. Shemeji yenu ndiye aliyeshika rula.

Nikifunika jicho lolote pacha anaondoka. Yuko kando kwa kando kila siku, hajawahi kupanda juu. Mbali hayupo, mlango nauona mmoja. Kulia na kushoto hakuna tofauti. Yalianza polepole, nadhani mwaka sasa, na yalizidi tulipopata kazi ya kamusi yenye herufi ndogo. Kichwa sijagonga. Kope zimekaguliwa na mwenye rula, ziko sawa, mboni zinalingana.

Penseli: sentimita 17, 17, 19, 22, 23. Anasema mara ya mwisho aliona jicho langu la kulia likikata tamaa na kutoroka kuelekea sikioni, wakati la kushoto bado limeng'ang'ania penseli. Mimi sikuhisi lolote, niliona tu herufi imekuwa mbili. Kusema kweli alicheka, halafu akaacha kucheka.

Kijiko_Cheusi

Mwambie shemeji anafaa kazi hii. Alichokiona ndicho tunachokaa gizani kukitafuta.

Mtu mwenye macho yanayoelewana huileta penseli hadi sentimita 6 hivi, wengine mpaka karibu na pua. Wewe umeanzia 17 na unarudi nyuma kila unaporudia. Siwezi kukupa jina la ugonjwa kupitia mtandao, lakini hadithi yote inaelekea kwenye upungufu wa kukutanisha macho: ukitazama mbali macho yako sambamba, ukitazama karibu yanatakiwa yageuke ndani yote mawili kwa pamoja, na yako yanafika nusu ya njia. Ubongo unayavuta kwa nguvu asubuhi. Ikifika ukurasa wa ishirini kamba inakatika.

Sasa nenda kwa mtu anayepima macho mawili kwa pamoja, na kabla ya kuondoka uhakikishe amefanya jaribio la kufunika kwa karibu. Nikueleze linavyokwenda ili ulitambue.

Unatazama herufi moja ndogo kwenye kijiti kilicho sentimita 40. Nafunika jicho la kulia. Wagonjwa wengi hudhani naangalia jicho nililofunika. Hapana, namtazama yule aliyebaki wazi. Likitulia, lilikuwa kwenye herufi tangu mwanzo. Likiruka kwenda kuitafuta, lilikuwa linatazama kwingine, na hayo ni makengeza ya wazi hata yawe madogo kiasi ambacho mama mzazi hajawahi kuyaona. Baada ya hapo nahamisha kijiko jicho hadi jicho, haraka, bila kuyaruhusu macho kutazama pamoja hata mara moja. Nikikitoa kulia, naona jicho lililokuwa gizani likiteleza kutoka nje kurudi puani. Ni mwendo mdogo, wakati mwingine milimita tu, na ukipepesa umekupita. Hayo tunayaita makengeza yaliyojificha. Watu wengi wanayo kidogo na wanazeeka nayo bila kujua.

Kisha unakuja ufito wa prizimu, yaani vioo vinavyopinda mwanga vilivyopangwa kwa ukubwa. Naupitisha mbele ya jicho, prizimu ndogo hadi kubwa, mpaka lile jicho liache kuteleza. Namba iliyolituliza ndiyo ukubwa wa tatizo, kwa diopta za prizimu. Diopta 1 inasogeza mwanga sentimita 1 kwa umbali wa mita 1, basi, hakuna uchawi. Lichukulie kama deni. Halafu nageuza ufito, nalazimisha macho yaingie ndani zaidi na zaidi mpaka useme "zimekuwa mbili". Hiyo ni akiba. Kanuni ya zamani ya mtaalamu wa macho Sheard inasema akiba iwe angalau mara mbili ya deni. Mwenye deni la 12 anahitaji akiba ya 24 ili alale usingizi. Mwenye deni la 12 na akiba ya 9 ndiye anayekata silabi zisizokuwepo.

Wapime pia nguvu ya kuvuta picha ya karibu, yaani lenzi ya jicho inavyojikaza, kwa sababu ikiwa dhaifu inaigiza tatizo hilihili. Na wakupime miwani vizuri, kwa matone ikibidi.

Kuhusu tiba. Kulikuwa na utafiti mkubwa Marekani, majibu yake yakatoka 2008: watoto 221 wa miaka 9 hadi 17 wenye upungufu huu, wiki 12. Waliofanya mazoezi kliniki chini ya mtaalamu kila wiki, na kuongezea nyumbani, asilimia 73 walipona au walipata nafuu kubwa. Wa penseli nyumbani peke yake 43, wa programu ya kompyuta pamoja na penseli nyumbani 33, na waliopewa mazoezi ya bandia kliniki, yaani ya kulinganishia tu, 35. Soma namba hizo taratibu: penseli peke yake haikuwapita sana wale wa bandia. Bado tunaitoa kwa sababu haina gharama, na mimi huitoa, lakini simwambii mtu kwamba inatosha. Miwani ya prizimu ya kusomea nayo ilijaribiwa kwa watoto, 2005, haikushinda miwani ya kawaida. Kwa watu wazima tunaitumia, hasa wasio na muda wa mazoezi. Mimi ningeiweka ya pili. Upasuaji kwa tatizo hili ni nadra sana.

Na ukikutana na mtu anayeuza mazoezi ya kukuvua miwani au ya kumfanya mtoto aelewe masomo, shika mfuko. Kundi hilohilo la watafiti lilitoa majibu mengine 2019: mazoezi yaliyaunganisha macho ya watoto, lakini ufahamu wa kusoma haukupanda kuliko kwa waliopewa ya bandia. Macho ni macho.

MamaPacha

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mwanangu ana miaka 5, jicho la kushoto linaingia ndani. Tumepewa miwani, baada ya miezi kadhaa tukaambiwa jicho ni vivu, tufunike lile jicho zuri saa 2 kwa siku. Jirani yangu wa kwake anafunika kutwa nzima. Saa 2 si kidogo? Na mbona nikimfunua makengeza bado yapo?

Kijiko_Cheusi

Shikamoo mama, hujaingilia, ni nyumba ileile.

Hapo kuna mambo mawili yamefungwa kwenye kanga moja. Kufunika kunafundisha jicho vivu kuona. Hakunyooshi makengeza. Ukimfunua ukalikuta bado limeingia, hujashindwa, hiyo si kazi ya kiraka. Kinachoweza kulinyoosha ni miwani, kama chanzo ni macho kukaza ili kushinda kutoona karibu vizuri, ndiyo maana miwani hiyo inavaliwa kuanzia anapoamka hadi analala, si shuleni tu. Kinachobaki baada ya miwani ndicho wanachokizungumza madaktari wa upasuaji.

Saa 2 si kidogo. Utafiti wa 2003 kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye uvivu wa wastani ulionyesha saa 2 na saa 6 zilileta nafuu sawa. Uvivu ukiwa mkali ndipo saa zinaongezwa, huenda wa jirani ni huyo. Muhimu ni saa hizo mbili ziwe za kweli: kiraka kikae kwenye ngozi chini ya miwani, asichungulie pembeni. Akikataa kabisa, muulize daktari kuhusu matone ya atropini, yanayofifisha uoni, kwenye lile jicho zuri, nayo ni njia iliyothibitishwa.

Na kama kuna mzazi mwingine anasoma hapa: mtoto mwenye makengeza ambaye kwenye picha mboni moja inang'aa nyeupe, apelekwe sasa. Inaweza kuwa uvimbe wa saratani ndani ya jicho.

MamaPacha

Marahaba baba. Kanga umeifungua.

MsomaPrufu

Wakuu, ni wiki ya 13 leo, nimeona si vizuri kupotea.

Nilipata wa kunipima kwa kijiko. Deni 12 kwa karibu, 2 kwa mbali. Akiba 9. @Kijiko_Cheusi nilidhani ulichagua namba za mfano tu, nikacheka kwenye kiti mpaka mama wa watu akashangaa. Lenzi inakaza sawasawa.

Naenda mara moja kwa wiki, na nyumbani dakika 15 kwa siku. Penseli ipo, lakini kilichonifungua ni uzi na shanga. Uzi mrefu, shanga tatu za rangi tatu, upande mmoja umefungwa kwenye kitasa cha mlango, upande mwingine nimeubana kwenye ncha ya pua. Ukiitazama shanga ya kati, unatakiwa uone nyuzi mbili zikiingia ndani yake na kutoka, kama herufi X, na shanga nyingine mbili zinakuwa nne. Mara ya kwanza X yangu ilikatizana nyuma ya shanga, karibu na mlango. Mama akaniambia, "Hapo ndipo macho yako yalipo. Wewe unadhani yako kwenye shanga." Nilikaa kimya kidogo. Kuna wakati uzi mmoja ulipotea kabisa nikabaki na mmoja, akasema ubongo umezima jicho moja kwa kuchoka kugombana, nipepese mpaka urudi.

Wiki tatu za kwanza kichwa kiliuma kuliko kabla ya tiba, nilitaka kuacha. Wiki ya sita X ilikubali kukaa kwenye shanga ya karibu kwa sekunde kumi hivi. Sasa penseli inafika sentimita 7, na ya tano inafika 8. Akiba 26. Siku za herufi ndogo bado naweka alama ukurasa wa thelathini na kutazama dirishani kidogo. Kiganja kimeshuka shavuni, mwenzangu wa meza ndiye shahidi.

Jana, ukurasa wa 61, nimekuta "wananaona". Nikafunika jicho la kulia, nikafunika la kushoto. Lilikuwepo. Nimekata.